MJI MKONGWE WA UNGUJA: MAWE, CHOKAA NA WATU WAKE

Imeandikwa na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Wasomaji wa gazeti letu, wengi wenu mmepita katika vichochoro vya Mji Mkongwe mara nyingi. Mmekwenda Darajani kununua madaftari, mmekaa Forodhani jioni kupunga upepo, na baadhi yenu mmezaliwa humo. Lakini nikiuliza nyumba zile zimejengwa kwa kitu gani, na kwa nini nyingine zimesimama tangu zama za masultani hali nyingine zimeanguka juzi tu, nadhani ni wachache watakaojibu. Makusudi ya makala haya ni kueleza mambo matatu: kwanza, jinsi mji wenyewe ulivyopatikana, pili, jinsi nyumba zake zilivyojengwa, na tatu, ni kitu gani kinachoziua na ni kitu gani kinachoziponya. Jambo hili la tatu ndilo kubwa, kwa sababu linatuhusu sisi vijana.

1. MJI ULIVYOPATIKANA

Mji Mkongwe uko upande wa magharibi wa kisiwa cha Unguja, juu ya rasi ndogo iliyoingia baharini. Zamani upande wake wa mashariki palikuwa na mkono wa bahari, maji yakijaa na kukupwa, hata mji ukawa karibu sawa na kisiwa. Daraja lililovuka maji hayo ndilo lililoupa mtaa wa Darajani jina lake, na waliokaa upande wa pili wakaitwa watu wa Ng'ambo. Maji yale yalifukiwa wakati wa utawala wa Waingereza, lakini majina yamebaki, nayo yanatufundisha historia bila ya kitabu.

Watu wengine hudhani kwamba ujenzi wa mawe uliletwa hapa na masultani. Sivyo. Kusini ya kisiwa chetu, Kizimkazi Dimbani, uko msikiti wenye maandishi ya Kiarabu cha Kikufi yaliyochongwa katika jiwe la matumbawe, na mwaka ulioandikwa ni 500 wa Hijria, yaani 1107. Msikiti huo umejengwa upya tangu hapo, lakini maandishi yake ni yale yale. Kadhalika Kilwa Kisiwani, ambako Ibn Battuta alifika mwaka 1331, watu walijenga misikiti na majumba kwa matumbawe na chokaa. Basi ufundi huu ni wa pwani yetu yote, nao ni mkongwe kuliko mji tunaouita Mkongwe.

Mji wenyewe ulikua polepole. Wareno walikuwa na kanisa dogo karibu na bandari. Baada ya kufukuzwa mwaka 1698, Waarabu wa Omani walijenga ngome mahali pale pale, nayo ndiyo Ngome Kongwe tunayoiona mpaka leo. Ngome hiyo imekuwa boma la askari, imekuwa gereza, na siku hizi ni mahali pa ngoma, filamu na muziki. Katika karne ya 19, Seyyid Said alihamisha makao yake kutoka Maskat hadi Unguja. Biashara ya karafuu na pembe za ndovu ikaleta fedha nyingi, na nyumba za mawe zikaongezeka upesi. Nje ya mji alijenga jumba la Mtoni, ambamo Sayyida Salme alizaliwa mwaka 1844, na hamamu ya Kidichi, iliyojengwa mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi. Mwanawe Seyyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, alijenga jumba la Maruhubi, hamamu ya mtaa wa Hamamni, na Beit al-Ajaib, iliyomalizika mwaka 1883.

Haifai kuusifu mji tukanyamazia jasho lililoujenga. Fedha zile hazikutoka katika karafuu na pembe peke yake, bali katika biashara ya watumwa pia. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa kwa amri ya Seyyid Barghash tarehe 6 Juni 1873. Mwaka ule ule Wamisionari wa Kiingereza walianza kujenga kanisa juu ya kiwanja hicho, chini ya uongozi wa Askofu Edward Steere, yule aliyeshughulika sana na kuandika juu ya lugha yetu ya Kiswahili. Pembeni ya kanisa, tangu mwaka 1998, ziko sanamu za watumwa waliosimama ndani ya shimo wakiwa na minyororo halisi shingoni. Kila mwanafunzi anayekwenda kutazama milango ya nakshi yafaa aende na huko pia, ili apate habari kamili.

2. NYUMBA ZILIVYOJENGWA

Sasa tuingie katika ufundi. Nyumba ya Mji Mkongwe ina vitu vitatu vikubwa: jiwe, chokaa na boriti.

Jiwe ni tumbawe, yaani jiwe lililofanyika kwa vijidudu vya baharini vya zamani. Ni jepesi, lina vitundu vitundu, na halichongeki kwa urahisi likawa na pande sawa. Kwa hiyo waashi hawakulipanga kama matofali. Walilijaza pamoja na udongo mwekundu, mchanga na chokaa, wakapata ukuta mnene ambao aghalabu hufika nusu mita au kuzidi. Unene huo ndio unaofanya chumba kiwe baridi mchana wa kaskazi, wakati nje lami inayeyuka.

Chokaa hutoka katika tumbawe lile lile. Watu hupanga magogo kwa duara, wakarundika mawe juu yake, kisha wakatia moto. Hapa ndipo somo letu la kemia linapokutana na kazi ya waashi. Tumbawe ni kalsiamu kabonati. Likipata moto wa kiasi cha nyuzi 900, hutoa hewa ya ukaa na kubaki chokaa kali, ambayo ni kalsiamu oksidi. Chokaa hiyo ikimwagiwa maji huchemka yenyewe bila ya moto, ikageuka kuwa chokaa laini iliyozimwa. Mwashi akiipaka ukutani, hurudi kuvuta hewa ya ukaa kidogo kidogo, na baada ya muda huwa kalsiamu kabonati tena. Yaani chokaa huanza kuwa jiwe na humaliza kuwa jiwe. Ni jambo la ajabu kwamba mafundi ambao hawakupata kuona chupa ya maabara waliijua kazi hii kwa macho na mikono, nasi twaihesabu kuwa somo gumu la mtihani.

Boriti ni miti ya mikoko. Mti huo hauliwi upesi na wadudu, lakini haupatikani mrefu sana ulio mnyofu. Kwa sababu hiyo vyumba vingi vya nyumba kongwe ni vyembamba, upana wake yapata mita mbili na nusu hadi tatu, lakini urefu wake ni mkubwa. Msomaji akiingia katika chumba kama hicho asiseme kwamba mjenzi alikosa nafasi. Aliyepima upana wa chumba ni mkoko.

Juu ya boriti huwekwa vipande vya mawe, kisha zege ya chokaa, ikapigwa kwa vigongo mpaka ikashikamana. Hiyo ndiyo sakafu ya ghorofa ya juu. Mapaa mengi ya zamani yalikuwa sakafu vivi hivi, tambarare, kama katika nchi zenye mvua chache. Lakini Unguja ina masika na vuli. Mapaa yale yalivuja, na ndiyo maana nyumba nyingi zilifunikwa mabati baadaye. Mtu akiutazama mji kutoka juu huona bahari ya mabati, wala si sakafu.

Nje, kando ya mlango, kuna baraza, yaani kiti kirefu cha mawe kilichoungana na ukuta. Baraza ni sehemu ya nyumba iliyotolewa kwa mtaa. Hapo hukaa wazee wakanywa kahawa na kucheza bao, hapo hupokewa wageni wa msiba, na mvua ikifurika kichochoroni, wapita njia hutembea juu yake. Mlango nao ni salamu ya mwenye nyumba. Mlango wa namna ya Kiarabu una kizingiti cha juu kilichonyooka. Ule wa namna ya Kihindi aghalabu una tao juu na vijimlango vidogo vinavyokunjwa. Nakshi zake zina mnyororo, samaki, mitende na maua, na misumari mikubwa ya shaba. Wahindi, Waarabu na Waswahili waliuchonga mji huu pamoja, na mikono yao yote inaonekana katika mlango mmoja.

Mji wa namna hii huzaa na sanaa yake. Kundi la taarabu la Ikhwani Safaa lilianzishwa hapa mwaka 1905. Siti binti Saad alitoka shamba akaja mjini, akaimba hata mwaka 1928 akasafiri kwenda Bombay kutiwa sauti yake katika sahani za santuri. Nyimbo zile zilisikilizwa ndani ya kuta hizi hizi na juu ya baraza hizi hizi.

3. KINACHOZIUA

Adui wa nyumba ya chokaa ni maji yaliyokosa njia ya kutoka. Maji huingia juu kwa bati lililotoboka au mchirizi ulioziba, na huingia chini kwa ardhi yenye unyevu wa bahari, yakipanda ukutani kama mafuta yanavyopanda utambi. Hupanda pamoja na chumvi. Ukuta wa chokaa hauyazuii maji hayo, bali huyaacha yatoke tena kwa hewa na jua. Lakini ukuta huo ukipigwa lipu ya saruji, mlango wa kutokea umefungwa. Maji hubaki ndani, udongo hulainika, na ncha za boriti zilizozikwa ukutani huoza pasipo mtu kuziona.

Jambo hili nimeliona nyumbani kwetu. Nyumba ya bibi yangu iko Kiponda, ina ghorofa mbili, na tunakaa humo jamaa kumi na mmoja. Miaka mingi iliyopita fundi mmoja aliupiga ukuta wa chini lipu ya saruji. Tangu hapo kila masika rangi ilivimba kama malengelenge, unga mweupe wa chumvi ukatoka, na vipande vya lipu vikaanguka. Mwaka huu boriti moja ya chumba cha bibi ililegea, na dari ikashuka upana wa vidole viwili.

Nyumba yote ikagawanyika kwa shauri. Ami yangu alisema tupige saruji nyingine juu ya ile, kazi ya siku mbili na gharama ndogo. Bibi alisema, "Dawa iliyonitia maradhi sinywi mara ya pili." Akaitwa mwashi mzee, mtu aliyepita umri wa miaka sabini. Aliugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, kisha akasema: "Saruji haina kosa, ina mahali pake. Lakini chokaa hunywa ikatema. Saruji hunywa ikabana. Msiwaozeshe hawa wawili."

Maneno hayo yalinikumbusha lile kanisa la Mkunazini. Paa lake la tao limemwagwa kwa saruji na kokoto za matumbawe, nalo linasimama tangu karne ya 19. Saruji pale ilitumika kwa hesabu tangu mwanzo, juu ya jengo lililokusudiwa kuibeba. Kosa ni kuipachika juu ya ukuta usioielewa.

Basi saruji ikabanduliwa, ukuta ukaachwa wazi ukauke, na boriti ikabadilishwa. Mimi nilikuwa likizoni, kazi yangu ilikuwa kuchota maji na kuchekecha mchanga. Kwa wiki tatu tulilala watu watano chumba kimoja. Fedha zilikwisha tulipofika nusu ya kazi, hivyo upande wa pili wa ukuta unangoja mwakani. Lakini upande uliotengenezwa umepitiwa na mvua, nao ni mkavu.

Yaliyotupata katika nyumba ndogo yameipata na nyumba kubwa kuliko zote. Beit al-Ajaib, yenye nguzo ndefu za chuma na veranda pande zote, ndiyo jengo la kwanza la Unguja kupata taa za umeme. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza zilipiga mizinga majumba ya kifalme kwa muda usiotimia saa moja. Beit al-Hukm iliyokuwa jirani iliharibika kabisa, lakini Beit al-Ajaib ilisimama. Mizinga haikuweza kuiangusha. Uchakavu wa miaka mingi uliweza. Mwaka 2012 sehemu yake moja ilianguka, ikawa kama onyo. Tarehe 25 Disemba 2020, kazi ya kuitengeneza ikiwa inaendelea, upande wa mbele pamoja na mnara wa saa uliporomoka, na watu wawili wakafa. Tukumbuke kwamba nyumba kongwe iliyochelewa kuponywa huwa hatari hata kwa yule anayekuja kuiponya.

Liko na jambo jingine. Baada ya Mapinduzi ya 1964, wenye nyumba wengi waliondoka, na nyumba zao zikapewa jamaa nyingi zisizokuwa na uwezo wa kuzitengeneza. Katika miaka ya karibuni utalii umeleta fedha, na nyumba nyingi zimegeuzwa hoteli. Fedha hizo zimeokoa kuta nyingi, hatuwezi kukana. Lakini nyumba ikiwa na wageni wa usiku mmoja mmoja, baraza lake humkosa mwenyewe, na hakuna mtu wa kusema mapema, "Hapa pana ufa mpya."

4. KINACHOZIPONYA

Si kwamba hakuna kilichofanywa. Mwaka 1985 Serikali iliunda Mamlaka ya kuhifadhi na kuendeleza Mji Mkongwe, na mwaka 2000 UNESCO iliutia mji wetu katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka uliofuata Mji wa Kale wa Lamu ukaingia pia. Anayetaka kuona mfano wa matengenezo mema na aende Malindi akatazame Zahanati Kongwe, jengo lililoanzwa mwaka 1887 kwa fedha za tajiri Tharia Topan. Lilikuwa limechakaa sana, na katika miaka ya 1990 Shirika la Aga Khan la Utamaduni lililitengeneza. Roshani zake za mbao zenye nakshi zimerudi zilivyokuwa. Wala shida hii si yetu peke yetu: Venice, mji wa Italia uliojengwa juu ya maji, hupigana na chumvi ya bahari inayopanda katika kuta zake vile vile.

Lakini orodha na mamlaka haviwezi kushika mwiko. Anayeushika ni fundi. Siku ya mwisho nilimwuliza yule mzee, "Babu, wanafunzi wako wako wapi?" Akahesabu kwa vidole: "Mmoja anauza simu Darajani, mmoja yuko Maskat, na mmoja ndiye huyu anayekoroga." Kisha akaniuliza, "Na wewe, mjukuu wangu, ukimaliza skuli?" Sikumjibu, na swali lake nimekuja nalo hapa dakhalia.

Wenzangu wa Kidato cha Nne twaulizana kila usiku nani atakuwa daktari, nani mwanasheria, nani rubani. Sijasikia hata mmoja akisema atakuwa mwashi. Labda twadhani kwamba kazi hiyo ni ya yule asiyefaulu. Lakini anayejua kwa nini chokaa hurudi kuwa jiwe, na pia anajua kuipaka, huyo ana elimu mbili. Mji wetu unahitaji watu wa namna hiyo, na wanaoweza kuwafundisha wanazeeka. Wazazi mnaosoma gazeti hili, mtoto wenu akisema anataka kujifunza uashi wa chokaa, msimwulize amefeli somo gani.

MASWALI NA KAZI YA KUFANYA

1. Pima unene wa ukuta wa nyumba kongwe mahali penye dirisha, kisha upime wa darasa lenu. Ni upi unaotunza baridi zaidi, na kwa sababu gani?

2. Eleza safari ya tumbawe kutoka tanuu la chokaa mpaka lipu ya ukutani, ukitaja hewa inayotoka na hewa inayorudi.

3. Kwa nini paa la kanisa la Mkunazini limesimama kwa saruji, na ukuta wa matumbawe huharibika kwa saruji hiyo hiyo?

4. Chagua nyumba moja ya mawe, ya kwenu au ya jirani. Mvua ikinyesha, fuata maji kutoka batini mpaka ardhini, ukaandike kila mahali yanapopotea njia. Mpe mwenye nyumba karatasi hiyo kabla ya masika.